Daftari la Bunduki Sita

Ninazo sita, na zote ni bubu.
Kila Januari koplo wa Wete hupanda ngazi yangu,
hutia kidole ndani ya mtutu mmoja mmoja
kama mkunga,
akaikuta risasi aliyoyeyusha fundi wa Mtemani
ikamiminwa, ikaganda,
risasi moja isiyotoka milele.
Hutia saini. Hunywa chai. Huondoka.

Watu husema: Hamad Khatib,
miaka thelathini kwenye mizani ya karafuu,
na kiinua mgongo chote kakinunulia chuma.
Ni kweli.
Moja niliilipia Tanga, mnada wa mabaki ya jeshi,
ikashuka Mkoani na karatasi zake tatu za mihuri.
Moja niliikuta Kengeja,
komeo la banda la mbuzi.
Moja nilibadilishana na baiskeli
na bado naikumbuka baiskeli.

Mke wangu Rukia hakuuliza bei.
Aliuliza zitalala wapi.
Alipoliona kabati, akasema:
“Bunduki zisizolia, na mume asiyesema.
Haya, nyumba imetimia.”

Nyinyi mnaona vyuma. Mimi naona maandishi:
nyota ndogo ya kiwanda, si kubwa kuliko chawa,
mwaka wa arubaini na tatu, wa arubaini na nne,
namba juu ya bolti, namba juu ya mwili.
Zikilingana nalala usingizi wa mtoto.
Ya tatu hazilingani.
Basi yuko mahali, duniani humu, mwehu mwenzangu,
anafungua kabati lake usiku
na kuipapasa nusu yangu.

Nazipangusa kwa mafuta ya makonyo.
Kutu haiipendi karafuu.
Chumba kizima kinanuka
jino bovu lililotulizwa.

Daftari lina safu nne: Namba. Mwaka. Mti. Kasoro.
Mti ni mjozi, au mti wa nchi za baridi
ambao jina lake silijui, najua uzito wake tu.
Na kwenye ya tano, kwa mkono wangu:
*Kitako kimepasuka. Ufa wa shubiri moja.
Sababu haijulikani.*

Jirani yangu Mbarouk
miaka kumi na minane amekopa kwangu nyundo,
chumvi, pampu, taarifa ya habari ya saa mbili,
na kizingiti cha chumba hiki hajakivuka.
Nilidhani ni harufu.

Vuli iliyopita paa lilivuja.
Nikamwita anishikie ngazi.
Akaingia. Akasimama.
Maji yanadondoka ndani ya sufuria,
nami, kwa ulevi wa mwenye mali, nikaanza:
hii ya arubaini na tatu, hii mkanda wake ni ule ule,
hii namba zake…

Akanyoosha kidole kwenye ya tano. Hakuigusa.
“Wewe unazijua kwa namba,” akasema.
“Mimi hii naijua kwa mgongo.”

Sikuuliza mwaka.
Iko miaka hapa kwetu haihitaji kutajwa.
Nilitaka kumwambia: labda siyo hii, labda ndugu yake,
zilitengenezwa kwa maelfu, Mbarouk, kwa maelfu.
Ulimi wangu nao ulikuwa umemiminiwa risasi.
Alishika ngazi mpaka nikapiga msumari wa mwisho.
Chai akaikataa.

Usiku nikalifungua daftari,
nikalikata neno *haijulikani*
kwa rula, mstari mmoja.
Mbele yake nilitaka kuandika kitu.
Kalamu ikakaa hewani
hadi Rukia akazima taa.

Januari koplo akasoma, kidole kikifuata mistari.
“Mzee, hapa pamekatwa. Sababu imejulikana?”
“Wino tu,” nikasema.
Akahesabu. Sita, zimetimia.
Ng’ambo ya ukuta Mbarouk alikuwa anakohoa,
na koplo akaomba sukari zaidi.